Miezi Mitatu ya Kutojua

Jioni moja ya Jumapili alikuja kwangu kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake alikuwa mwanachuo wangu miaka ya themanini, na kwa sababu hiyo kijana hunihesabu kuwa babu yake. Aliniamkia, akaketi, akanywa chai, akazungumzia mvua na bei ya mbolea. Mke wangu alipoinuka kwenda jikoni, kijana akatoa bahasha ya kaki mfukoni, akaimimina mezani. Vilikuwa vipimo vitano vya kujipima Virusi vya UKIMWI, vile vya kupitishwa kwenye fizi, ambavyo sheria yetu imeviruhusu tangu iliporekebishwa mwaka 2019. Kila kimoja kilikuwa na mstari mmoja tu. Vyote vitano vilisema hana maambukizi.

"Mwalimu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "nitajuaje kwamba haviongopi?"

Ndugu msomaji, swali hilo nililifahamu vizuri. Niliwahi kuwa nalo kwa miaka kumi na minne, na katika muda huo sikumwuliza mtu yeyote aliyestahili kuulizwa. Sasa nina miaka sabini na sita, na nimeona ni afadhali niandike yale niliyojifunza, kwa sababu kijana yule si wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho kukaa usiku akitazama mstari mmoja na kuutilia shaka.

Mwezi Juni mwaka 1993 niliitwa Dar es Salaam, pamoja na wakufunzi wa vyuo vingine vya ualimu, kwenda kusahihisha mitihani. Wakati huo nilikuwa mkuu wa chuo, nina miaka arobaini na minne, nina mke na watoto wanne, na kila Ijumaa nilisimama mbele ya wanachuo kuwaasa juu ya maadili ya kazi. Huko Dar es Salaam nilikosea na mwalimu mwenzangu wa kike aliyetoka mkoa mwingine. Tulikuwa watu wazima wawili, kila mmoja ana nyumba yake. Sitasema zaidi ya hapo, kwa maana mtu asiyekuwepo kujieleza hapaswi kusimuliwa.

Kazi ilipokwisha nilirudi nyumbani, nikaishi na mke wangu kama kawaida. Wiki tatu baadaye mkufunzi mmoja alipita chuoni kwetu. Katika mazungumzo, bila kujua analolisema kwangu, alitaja kwamba mume wa yule mwalimu amezikwa baada ya kuugua mwaka mzima. Hakutaja ugonjwa. Miaka ile haikuwa lazima kuutaja. Wagonjwa wa kwanza katika nchi yetu waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka kumi baadaye kila mtu alikwishajifunza kuhesabu mashavu yaliyobonyea na mikanda iliyoongezwa matundu. Hapakuwa na dawa ya kurefusha maisha ya mtu wa kawaida. Mpango wa Serikali wa kutoa dawa za kufubaza virusi ulikuja kuanza mwaka 2004. Kwa hiyo mwaka 1993, kukutwa na virusi kulimaanisha kuanza kuaga.

Nilikwenda hospitali ya mkoa, nikatolewa damu, nikasubiri majibu karibu wiki mbili. Muuguzi aliyenipa majibu alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye macho ya mtu aliyekwishatoa habari nyingi mbaya. Alisema sikukutwa na kitu. Kabla sijashusha pumzi akaongeza, "Lakini haya majibu hayajafunga kazi. Rudi ikitimia miezi mitatu tangu siku ile, ndipo tutasema neno." Kisha akauliza, "Na mama nyumbani anajua?"

Nikamwambia anajua.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili niliuchukua nyumbani jioni ileile. Nilimwambia mke wangu kwamba nimeteguka mgongo nikiinua meza ya ofisi, na kwamba daktari ameniagiza nilale peke yangu juu ya godoro gumu. Nilikwishasikia kwamba mtu aliye katika hali yangu asimkaribie mke wake mpaka majibu yakamilike, na niliona kwamba kwa hila ile nimemlinda. Nilijisifu moyoni. Nilijiona mtu mwenye wajibu.

Hebu nieleze kwanza maana ya ile miezi mitatu, maana wengi wanaisikia na wachache wanaielewa. Wataalamu wanaiita kipindi cha dirisha. Vipimo vya siku zile, na vipimo vingi vya haraka vinavyotumika hata leo, havimtafuti kirusi mwenyewe. Vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Virusi vinapoingia leo, askari hao hawajitokezi kesho. Kwa watu wengi huonekana baada ya wiki tatu au nne, kwa wachache huchelewa zaidi, ndiyo maana watu wa afya wanasubiri hadi siku 90 kabla ya kusema kwa hakika. Ziko mashine za maabara zinazotafuta kingamwili pamoja na sehemu ya kirusi chenyewe, na hizo huweza kutoa jibu la mwisho kati ya siku 18 na 45. Kipimo cha kutumia majimaji ya kinywani huchelewa kuliko kile cha damu. Kwa hiyo kipimo kinachosema "hakuna" ndani ya kipindi hicho hakiongopi. Kimeulizwa swali kabla ya wakati wake. Ni kama mkulima anayefukua mbegu siku ya pili baada ya kupanda, kisha akailaumu ardhi.

Hilo ndilo kosa la wakati. Lipo pia kosa la kipimo chenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu nilifundisha hesabu kwa miaka mingi na tabia haiachi mwili. Tuchukue watu 10,000, na miongoni mwao 200 wana virusi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kipimo kinakosea mara moja katika kila mia, upande huu na upande ule. Vipimo vinavyotumika sasa ni bora kuliko huu mfano wangu. Katika wale 200 kipimo kitawakamata 198 na kuwakosa wawili. Katika wale 9,800 wasio na virusi, kitawasingizia 98. Sasa jumlisha. Walioambiwa "unavyo" ni 296, na karibu theluthi yao hawana. Walioambiwa "huna" ni 9,704, na waliopewa jibu lisilo sahihi ni wawili tu.

Kosa ni lilelile la moja kwa mia, lakini tazama jinsi lilivyo zito upande mmoja na jepesi upande wa pili. Ndiyo maana hakuna anayepaswa kuambiwa ana virusi kwa kipimo kimoja. Lazima kifuate kipimo cha aina nyingine cha kuthibitisha, na tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeshauri viwe vitatu. Na ndiyo maana mtu aliyepimwa baada ya siku 90, akaambiwa hana, anao msingi imara wa kukubali. Mwenye wasiwasi hufanya hesabu hii kinyumenyume. Anasikia kwamba "kipimo huweza kukosea", na papo hapo anajiweka miongoni mwa wale wawili, huku akiwasahau wale 9,702.

Mimi niliijua hesabu hii. Niliifanya kwenye karatasi mwaka 1993, usiku, kwa taa ya chemli, nikiwa nimelala upande wa pili wa chumba kwa ajili ya mgongo usiouma. Haikunisaidia.

Mwishoni mwa Septemba nilirudi kwa yule mama muuguzi. Miezi mitatu ilikuwa imetimia na siku kadhaa juu. Sikukutwa na kitu. Akanipa mkono akasema, "Nenda kaishi." Nilifurahi kwa muda wa safari ya basi. Kufika nyumbani nikakumbuka kijitabu kimoja kilichosema miezi sita. Nikangoja Desemba, nikapima tena. Sina. Nikaanza kufikiri kwamba hospitali ya mkoa huenda wanachanganya chupa. Mwaka 1994, wakati wa likizo ya Pasaka, nilisafiri mkoa mwingine kabisa, nikapima mara ya nne, na kwa kuogopa kutambuliwa nikaandikisha jina lisilo langu. Majibu yakaja kwamba sina. Je, unajua niliwaza nini kwenye benchi lile la hospitali? Niliwaza kwamba karatasi ile haina jina langu, basi pengine ni ya mtu mwingine. Niliudanganya mlango, kisha nikaushuku mlango kwa kunifungukia.

Hapo ndipo penye swali ambalo nataka kulitafakari katika kurasa hizi. Ni kitu gani hasa mtu anakitafuta anaporudia kipimo kilichokwisha kumjibu?

Nilipokuwa kijana nilidhani shaka ni ya namna moja, nayo ni mama wa elimu. Nimezeeka, naona kuna shaka mbili zinazovaa nguo moja. Ya kwanza inauliza ili ijibiwe. Hiyo ndiyo iliyonipeleka hospitali mara ya kwanza na ya pili, na ilikuwa halali. Asiyekuwa nayo ni mzembe. Ya pili inauliza ili isijibiwe. Kila jibu linalokuja inalitafutia tundu: leo ni kipindi cha dirisha, kesho ni chupa zilizochanganywa, keshokutwa ni jina. Shaka hiyo haitoki kwenye damu, basi haiwezi kutulizwa na damu.

Wasahihishaji wa mitihani wana kanuni moja ambayo kila mwalimu anaijua. Mwongozo wa kusahihishia hutungwa kabla ya kufungua karatasi ya kwanza. Ukiutunga huku unasoma majibu, utampendelea huyu na kumwonea yule, na mwisho hutajua unachopima. Nilikuwa nimetoka kusahihisha kwa kanuni hiyo katika safari ileile ya Dar es Salaam, kisha katika jambo la uhai wangu nikawa nabadilisha mwongozo kila majibu yalipotoka. Laiti ningeandika mwezi Julai 1993: "Nikipimwa baada ya miezi mitatu nikakutwa sina, nitakubali," ningeona wazi mwezi Septemba kwamba kilichobaki ndani yangu si swali la tiba.

Kilichobaki kilikuwa mke wangu.

Nilikuwa nimejiwekea mpango ambao nadhani wanaume wengi wanaujua. Nilijiambia: nitasubiri majibu. Nikikutwa navyo, nitamwambia, maana haitawezekana kuficha. Nikikutwa sina, hakuna cha kumwambia. Kwa maneno mengine, nilikabidhi kipimo kazi isiyokuwa yake. Nilitaka kitepe cha maabara kiniondolee hatia. Lakini kipimo kina uwezo wa kusema kama mtu ana virusi. Hakina uwezo wa kusema kama mtu ni mwaminifu. Kila niliposikia "huna", sehemu fulani ya moyo ilijibu, "Haiwezekani," kwa sababu ilijua kwamba ninacho kitu. Ninacho, ila hakionekani kwenye damu.

Je, asiyejua ana wajibu gani? Sheria yetu ya mwaka 2008 inamtaka mtu anayejua kwamba ana virusi amjulishe mara moja mwenzi wake. Ni sheria nzuri, lakini inamzungumzia anayejua. Mtu aliye ndani ya miezi mitatu anaweza kusema, "Mimi sijui, basi sina la kujulisha." Nimelitafakari jibu hilo kwa miaka mingi na naliona kuwa ni ujanja. Ni kweli sikujua hali ya damu yangu. Lakini nilijua nilichokifanya, nilijua habari ya kaburi niliyoletewa, na nilijua kwamba kwa wiki tatu kabla ya habari hiyo nilikuwa nimelala na mke wangu. Kutojua kwangu kulikuwa kumejaa mambo ninayoyajua.

Zingatia hizo wiki tatu. Niliposingizia mgongo nilijisifu kwamba ninamlinda. Ninamlinda na nini? Kama virusi vilikuwepo, huenda vilikwishampata. Kama vilikwishampata, alihitaji naye kupimwa, alihitaji kujua juu ya mimba, alihitaji kufikiri juu ya watoto. Yote hayo nilimwamulia mimi, kwa kunyamaza. Hila yangu ilinilinda mimi na uso wake, basi. Na leo mwenye kunyamaza ana gharama kubwa kuliko yangu. Siku hizi mtu aliyepatwa na hatari, akifika kituo cha afya ndani ya saa 72, anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi na kuzimeza kwa siku 28. Ukimnyima mwenzio habari kwa siku nne za aibu, umemfungia mlango ambao katika zama zangu haukuwepo kabisa.

Najua yupo atakayenijibu kwamba maneno hayo ni rahisi kwa mzee. Atasema: majibu yalikuwa mazuri, nyumba ilibaki salama, kwa nini kumjeruhi mtu kwa jambo ambalo halikutokea? Sidharau hoja hiyo. Niliishi ndani yake. Wala sisemi kwamba kila mtu, mahali popote, lazima aseme kila kitu usiku huohuo. Namjua mwanamke ambaye akisema atapigwa na kutolewa nje na watoto wake. Huyo aanzie kwa mshauri nasaha, kwa muuguzi, kwa mtu atakayesimama naye, na mwenye kumhukumu ajihukumu kwanza. Lakini mimi sikuwa mwanamke huyo. Nilikuwa na mshahara, nyumba ya Serikali na heshima ya cheo. Kwangu ukweli ulikuwa na bei ya aibu tu, na sikutaka kuilipa.

Liko jambo jingine ambalo ni gumu kwangu kuliko hilo. Katika miezi ile yote ya kujihesabia siku, sikumwuliza mtu hata mara moja hali ya yule mwalimu mwenzangu. Alikuwa amefiwa na mume. Kama mimi nilikuwa na hofu, yeye je? Sikumwandikia hata barua ya pole, ambayo mkuu wa chuo yeyote angemwandikia mwalimu yeyote. Nilikuwa nimemgeuza kuwa hatari tu. Mwaka 1996 nilisikia kwamba naye amefariki. Sijui alikufa kwa maradhi gani, na wakati ule nilishukuru kwamba sikulazimika kujua. Huo ndio uchoyo wa wasiwasi. Mtu anayeuogopa ugonjwa kupita kiasi huacha kuwaona wagonjwa. Anawaona kama mifano ya yale yanayoweza kumpata yeye.

Ukweli wangu ulitoka bila hiari. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipimwa hadharani Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya taifa ya kupima kwa hiari. Kampeni ilipofika wilayani kwetu, mke wangu, ambaye alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, alisema, "Mwalimu, twende na sisi, wanachuo watuone." Nilikuwa nimepimwa mara nne. Ilikuwa imepita miaka kumi na minne. Hata hivyo miguu iliniisha nguvu. Pale kwenye hema mkono wangu ulitetemeka hata mshauri akaniuliza kama nina homa. Baada ya dakika ishirini hivi tukapewa majibu, wote wawili hatuna. Watu wakapiga makofi.

Njiani kurudi nyumbani mke wangu alitembea kimya mpaka tulipofika kwenye daraja. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unaogopa nini?"

Nikamweleza. Sikupamba wala sikupunguza. Hakulia, wala hakupaza sauti. Alisema neno moja tu, na sijalisahau. "Nilikukanda ule mgongo."

Ni kweli. Kila jioni, kwa zaidi ya miezi miwili, mwaka 1993, baada ya kuwalaza watoto, alipasha mafuta ya nazi kwenye kijiko, akanikanda mgongo ambao haukuwa na maumivu. Mimi nililala kifudifudi nikihesabu siku. Nilidhani uongo wangu ulikuwa maneno machache tu yaliyosemwa jioni moja, yakapita. Kwake ulikuwa kazi ya mikono yake.

Baada ya hapo tulikaa muda mrefu bila kuzungumza isipokuwa ya lazima. Sitasimulia jinsi tulivyorudiana, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya yeye. Nitasema tu kwamba tangu siku ile ya daraja sijawahi tena kutilia shaka majibu yangu. Hakuna kipimo kipya nilichofanya. Damu ilikuwa ileile. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nami nimeona kwamba hata mtu asiye na maradhi, akificha, huumwa.

Basi nirudi kwa yule kijana na bahasha yake. Nilimwuliza siku zilizopita tangu jambo lenyewe. Akasema ni wiki saba. Nikamwambia kwamba nusu ya wasiwasi wake ni sahihi. Vipimo vyake vitano vyote alivifanya mapema, na kupima mara tano ndani ya kipindi cha dirisha ni sawa na kumwuliza mtoto wa darasa la pili swali la darasa la nne mara tano. Havijamdanganya, ila havijaweza kumjibu. Nikampa karatasi, nikamwambia atunge mwongozo wake wa kusahihishia kabla ya mtihani: atakwenda kituo cha afya, atapimwa damu zikitimia siku 90, chini ya mtu aliyesomea kazi hiyo, kwa jina lake halisi, akikutwa hana, atakubali, akikutwa navyo, ataanza dawa mara moja. Nilimkumbusha kwamba dunia ya leo si ile ya 1993. Mtu anayemeza dawa zake vizuri, virusi vikapungua hata visionekane kwenye kipimo, huishi maisha marefu na hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Aliandika, akaweka sahihi na tarehe. Mkono wake ulikuwa mzuri, wa mwalimu.

Kisha nikamwuliza, "Na nani hujamwambia?"

Alinyamaza. Alitazama mlango wa jikoni, ambako mke wangu alikuwa akiosha vikombe. Baadaye alisema kwamba wana miezi mitano tangu wafunge ndoa. Sikumhubiria. Nilimsimulia haya niliyokusimulia wewe msomaji, pamoja na habari ya mafuta ya nazi. Alipoondoka aliacha vile vipimo mezani, akaichukua ile karatasi.

Sijui alifanya nini alipofika kwake, na si kazi yangu kumwuliza. Kama nawe uko ndani ya siku hizo 90, nakushauri mambo matatu tu. Subiri wakati wake, kisha pima mahali pa kuaminika. Andika mapema jibu litakalokutosha. Na usikiombe kipimo kikufanyie yale ambayo ni mdomo wako tu unayeweza kuyafanya.

Kurasa hizi amezisoma kwanza mke wangu, kabla hazijapelekwa kupigwa chapa. Alitaka sehemu moja iondolewe, nami nimeiondoa. Nyingine alisema zibaki.